Mkazi wa Chumba cha Nyuma

Kengele ililia Jumatatu saa tatu kasorobo asubuhi, nikiwa nimepiga magoti namkata Bibi Titina kucha za miguu. Watu wanaokuja kwetu nawajua wote, na hakuna anayekuja saa hiyo. Sabino, mwanawe, ana ufunguo wake. Nesi wa sindano huja Alhamisi. Nilimfunika bibi miguu kwa taulo nikaenda kufungua.

Mlangoni alisimama mwanamume wa makamo mwenye sare ya askari wa manispaa, kofia kwapani, mkononi kabeba ubao wenye karatasi.

"Burduli Teona?"

"Mimi."

"Unaishi hapa?"

"Ndiyo."

"Kwenye kengele za chini sikuona jina lako."

"Limeandikwa la mwenye nyumba. Amoruso."

"Hilo nimeliona. Nakuuliza lako."

Tulihamia jengo hili mwezi wa tatu, kwa sababu lina lifti na bibi hawezi tena ngazi. Nilipomwomba Sabino niandike jina langu chini ya la mama yake, alisema jina la kigeni kwenye kengele ni sawa na kuwatangazia wezi kwamba humu yumo kikongwe na mfanyakazi wake tu. Nikanyamaza. Mimi ni mwepesi wa kunyamaza. Lakini anuani mpya niliipeleka manispaa siku ileile, na mwezi wa tisa, miaka mitano ilipotimia, nikapeleka maombi yangu ya ukaazi wa kudumu. Nilijua kuna siku mtu atakuja kuhakikisha kwamba kweli nalala hapa. Sikujua tu kwamba ni Jumatatu hii, na kwamba mikono yangu itakuwa na vipande vya kucha.

"Nionyeshe unapolala," alisema askari. Kwenye sare yake paliandikwa Lorusso.

Nilimpeleka chumba cha nyuma. Kitanda kilikuwa kimetandikwa kama cha hospitali. Ukutani hapakuwa na kitu, wala juu ya meza. Alifungua kabati akakutana na makoti ya marehemu mume wa bibi, yananuka dawa ya nondo.

"Nguo zako ziko wapi?"

Nilipiga magoti tena, mara ya pili asubuhi hiyo, nikavuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Nguo zangu zote zilikuwamo, zimekunjwa, za baridi upande huu na za joto upande ule. Mswaki ulikuwa ndani ya kifuko chake, na sabuni ndani ya chake. Cheti changu cha chuo kikuu cha Kutaisi, shahada ya jiografia, kilikuwa ndani ya nailoni katikati ya sweta mbili.

"Unasafiri?" aliuliza.

"Hapana."

"Umefika lini?"

"Miaka mitano na mwezi mmoja uliopita."

Aliliangalia sanduku, akaniangalia mimi, akaliangalia tena sanduku. Kisha alienda sebuleni, akainama mbele ya bibi kwa adabu kabisa.

"Mama, habari za asubuhi. Huyu binti ni nani?"

Bibi Titina ana macho mazuri sana, ya rangi ya kahawa, na kumbukumbu yake ina mashimo kama jibini. Alinitazama kwa upole wote wa duniani.

"Huyu ni mtu wa gesi," alisema. "Amekuja kusoma mita. Mpeni kahawa, maskini, amepanda ngazi."

Lorusso hakucheka. Ningefurahi kama angecheka. Aliandika kitu kwenye karatasi, akaandika na kingine, kisha akanivutia kando ya mlango.

"Sikiliza, binti. Mimi naandika ninachokiona. Leo nimeona chumba kama cha hoteli na mwenye nyumba asiyekujua. Watu wananunua anuani siku hizi. Wanaandikishwa hapa, wanaishi Ujerumani."

"Mimi siishi Ujerumani."

"Sijasema wewe. Ndiyo maana nitarudi mara moja zaidi, juma hili hili. Siku sikwambii, saa sikwambii. Nikikukuta, na nikaona panakaliwa na mtu, mambo yamekwisha. Nisipokukuta naandika hayupo. Ijumaa nafunga faili."

"Ukiandika hayupo inakuwaje?"

"Unafutwa kwenye daftari la wakazi. Ukiandikishwa tena, unahesabu miaka kuanzia mwanzo."

Alivaa kofia yake, akaomba radhi kwa usumbufu, akashuka kwa ngazi ingawa lifti ilikuwapo. Nilirudi kumalizia mguu wa kushoto wa bibi.

"Amekwenda yule wa gesi?" aliniuliza.

"Amekwenda."

"Mbona umesononeka? Ametuandikia nyingi?"

* * *

Sanduku lile ni mafundisho ya Tsiala.

Nilipofika jiji hili la Bari nikiwa na miaka ishirini na nne, sikumjua mtu. Tsiala alinikuta kwenye bustani ya nyuma ya stesheni, mahali wanawake wa Kijojia tunaotunza wazee tunapokutana Alhamisi mchana na Jumapili. Aliniuliza mimi ni wa wapi, nikamtajia mji wetu, Zestaponi, akasema, "Basi, hakuna mtu mkamilifu," akanichukua. Nililala siku kumi na moja sakafuni kwake, kati ya kitanda na jiko. Ndiye aliyenitafutia kazi kwa Bibi Titina, tena kazi ya mkataba, wakati yeye mwenyewe amefanya kazi miaka kumi na minne bila karatasi hata moja. Namwita mama mdogo, ingawa hatuna damu moja.

Usiku wa mwisho kabla sijahamia kwa bibi, alinipa sheria zake. Sheria ya kwanza ilikuwa hii: "Usitundike nguo kwenye kabati la mzee. Mzee akifa Jumatatu, wanawe wanazika Jumatano, na Alhamisi wanataka chumba. Wewe uwe umeshafunga sanduku tangu siku ya kwanza. Hivyo hawakufukuzi. Unaondoka mwenyewe, kichwa juu."

Yeye mwenyewe amezika wazee sita. Sisi sote tunaishi hivyo, ukitembelea vyumba vyetu vya nyuma utayakuta masanduku chini ya vitanda. Nilidhani ni heshima. Nilijifunza kutembea bila kugonga sakafu, kuoga bila kuacha unywele, kula kwa sahani ninayoiosha kabla bibi hajamaliza yake. Majirani wa jengo la zamani hawakuwahi kunilalamikia miaka minne na nusu. Sasa nafikiri hawakunilalamikia kwa sababu hawakujua kama nipo.

Nisieleweke vibaya. Nampenda Bibi Titina, na yeye ananipenda, siku ambazo anajua mimi ni nani. Ila kuna upweke wa kuishi ndani ya nyumba ya mtu ambao sikufundishwa chuoni. Unapika harufu ya kwao, unaota ndoto za kwenu, na jioni unazima taa ya sebule ukijua hakuna mtu katika jiji zima atakayeuliza umelalaje. Nilikuwa napeleka matumaini yangu yote kwenye karatasi ile. Nikipata ukaazi wa kudumu, kukaa kwangu hakutategemea tena pumzi ya kikongwe mmoja. Ningeweza kuomba ile kazi ya kusaidia watoto wa wageni mashuleni, wale wanaokaa dawati la nyuma hawaelewi kinachosemwa. Nilikuwa nimeshajiona nimechuchumaa kando ya dawati.

Na katikati ya juma hilohilo la askari, kulikuwa na Jumatano.

* * *

Jumapili, siku moja kabla Lorusso hajaja, tulikuwa bustanini, wanawake saba kwenye mabenchi mawili. Tsiala alikuwa anarudi nyumbani moja kwa moja. Mzee wake wa sita alikuwa amefariki, goti lake halikubali tena kunyanyua watu, na kule ana mjukuu wa miaka tisa anayemjua kwa simu tu. Mpakani wangempigia muhuri wa kumkataza kurudi, kwa miaka yote aliyokaa bila karatasi. Alikwisha kulipia kiti kwenye basi dogo la Zaza, lile linalobeba vifurushi vyetu kila juma kupitia Ugiriki na Uturuki, na linaondoka Jumatano saa tano asubuhi, wakati kila mmoja wetu yuko kazini.

"Niliposhuka hapa mara ya kwanza," alisema Tsiala, "ilikuwa Februari, mvua inanyesha, alfajiri. Kila mtu kwenye lile basi alikuja kupokewa. Huyu na dada yake, huyu na mumewe. Mimi nilikaa juu ya sanduku mpaka saa nne. Aliyekuja kunisalimia ni mbwa."

"Mbwa alikuwa na sura nzuri kuliko marehemu mumeo," alisema mwenzetu aitwaye Nazi, na wote wakacheka.

"Alikuwa na tabia nzuri pia. Alikaa." Tsiala alikung'uta maganda ya mbegu za alizeti kwenye sketi. "Kwetu hata mgeni aliyekuja kutuudhi tunamsindikiza mpaka getini. Mimi nilijiambia siku ile: kupokewa sijapokewa, lakini kuondoka nitasindikizwa."

Wanawake wakaanza kutazama viatu vyao. Nazi ana mzee anayepumua kwa mashine. Mwingine ana mwajiri anayemhesabia kila dakika. Mimi nilikuwa nimeshamwomba Sabino ruhusa wiki tatu kabla, naye alikuwa ameomba ruhusa ya asubuhi hiyo ya Jumatano kazini kwake ili akae na mama yake.

"Mimi nitakuja," nilisema.

"Utakuja kweli, au mtakuja kama mnavyokuja nyie vijana? Mnabusu shavu, mnachungulia simu, mmeondoka."

"Nitakuja kweli."

"Ukae mpaka gari liondoke."

"Nitakaa mpaka gari liondoke."

"Mmemsikia," aliwaambia wenzetu, na akakunja mikono kama mtu aliyeshinda kesi.

* * *

Mara tu Lorusso alipoondoka nilianza kuishi. Nilitoa makoti ya marehemu nikayatia kwenye mifuko, nikatundika nguo zangu zote, hata zile ambazo sizipendi. Mswaki niliuweka kwenye glasi, karibu na meno ya bibi. Nilibandika picha ya mama yangu ukutani, na ramani ya Kaukazi, milima ya kwetu, niliyokuwa nimeikunja miaka mitano. Nilinunua ndala nyekundu nikaziacha katikati ya sakafu, ovyo, kama mtu mwenye nyumba. Mara tatu nilizipanga bila kujijua, na mara tatu nikazivuruga tena.

Sabino alipofika jioni nilimweleza. Ni karani wa shule, mtu wa woga mwingi na moyo usio mbaya. Alikuna kichwa.

"Kwa hiyo ni kosa langu," alisema.

"Sijasema hivyo."

"Hujasema, lakini umepika maharage, na maharage unapika ukiwa umenikasirikia." Alitoa kalamu mfukoni. "Lete karatasi. Andika jina lako. Andika kubwa. Wezi waje, watakuta huna hata televisheni."

Alishuka mwenyewe kulibandika. Niliposhuka kutupa taka nilisimama pale chini nikalitazama: Amoruso, na chini yake Burduli, wino bado mbichi. Nilikibonyeza kile kitufe. Juu, kwa mbali, nikaisikia kengele inalia katika nyumba ninayoishi.

Jumanne sikutoka kabisa. Mkate aliuleta Sabino. Dawa za bibi zililetwa na mtu wa duka la dawa. Kila lifti ilipolia nilikimbilia mlangoni, na kila mara ilikuwa ni ya ghorofa nyingine. Lorusso hakuja asubuhi, hakuja mchana, hakuja jioni.

Saa mbili usiku nilimpigia Tsiala. Nilikuwa nimejipanga. Nilitaka kumwambia ukweli wote, kwa kuwa nilijua angesema, "Baki nyumbani, mjinga wewe," na ningebaki, na kosa lisingekuwa la mtu.

"Umenipata napaka rangi nywele," alisema kabla sijafungua mdomo. "Nyeusi ya kunguru. Mjukuu wangu asije akadhani wameletewa bibi wa mtu mwingine. Kesho navaa lile koti lenye manyoya shingoni."

"Kuna joto, mama mdogo."

"Nitaumia kwa heshima. We, nimemwambia Zaza kwamba nina mtu wa kunisindikiza. Amesema, 'Basi nitaosha kioo cha upande wako.' Umeona? Miaka kumi na minne sijaoshewa kioo." Nikasikia maji yanadondoka. "Ulitaka kusema nini?"

"Nilitaka kujua nije saa ngapi."

"Saa nne na nusu. Usilete chakula, ninacho cha kulisha jeshi."

Nilikata simu nikakaa kitandani. Nilipiga hesabu kama mwanafunzi. Zimebaki siku tatu, kila siku ina saa nane za kazi. Mimi nitakuwa nje kwa muda wa saa moja na nusu tu. Mtu yeyote mwenye akili angesema nafasi ya askari kuja saa hiyohiyo ni ndogo. Nilijiambia hivyo mara nyingi mpaka nikalala.

* * *

Jumatano Sabino alifika saa nne kamili, akavua koti lake, akanikuta nimevaa langu.

"Bado unakwenda?"

"Niliahidi."

"Uliahidi kabla askari hajaja. Ahadi hiyo imeshavunjika yenyewe, hata padri atakwambia."

"Padri wa kwenu au wa kwetu?"

"Wa popote mwenye akili timamu. Teona, mpigie huyo mama, mwambie mambo yamebadilika. Ni mtu mzima, ataelewa."

"Ataelewa," nilisema. "Hilo ndilo tatizo lake. Miaka yote anaelewa."

Bibi Titina alikuwa amekaa karibu na dirisha, na siku hiyo ilikuwa moja ya siku zake nzuri. Alisema, "Teona, vaa skafu, kuna upepo wa bahari." Nilitaka kulia. Kama Lorusso angekuja dakika ile tu, na kuuliza dakika ile tu. Nilivaa skafu nikatoka.

Uwanja ambapo basi la Zaza huegeshwa uko nyuma ya stesheni, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka kwetu. Nilifika kabla ya saa nne na nusu. Zaza alikuwa anapima vifurushi kwa mizani ya kuning'iniza: mafuta ya zeituni, kahawa, sabuni ya unga, tambi, vitu vyote tunavyowapelekea watu wetu ili waone kwamba tupo. Kulikuwa na abiria wengine wawili, wamekwisha kuketi, wanakula. Tsiala alisimama kando ya mlango na koti lake la manyoya, nywele nyeusi kama lami, midomo myekundu, jasho limemjaa juu ya mdomo.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja."

Akanishika mkono na hakuuachia tena. Kiganja chake kilikuwa baridi pamoja na joto lote lile. Tuliongea mambo ya kipuuzi: goti, mjukuu, Nazi na mzee wake wa mashine, kama kule nyumbani sasa wanavuna zabibu. Ikafika saa tano. Zaza alikuwa bado anatazama barabara.

"Tunangoja nini?" nilimuuliza.

"Kuna mama anatoka Taranto na maboksi mawili. Dakika kumi."

"Dakika kumi za Zaza nazijua," alisema Tsiala. "Zina watoto na wajukuu."

Saa tano na dakika kumi na mbili simu yangu ililia. Nilisogea pembeni kwa hatua mbili, mkono mmoja bado uko kwa Tsiala.

"Yuko hapa," alisema Sabino kwa sauti ya chini.

Sikuuliza nani.

"Nimempa kahawa, nimempa na biskuti. Ameona chumba, ameona nguo, ameona jina, ameridhika kabisa. Anataka akuone wewe tu. Ana nyumba nyingine nne, anasema anaweza kungoja robo saa. Chukua teksi, nitalipa mimi. Umesikia? Teksi ziko hapo stesheni."

Ziko hapo stesheni. Nilikuwa naziona, nyeupe, tano, madereva wanavuta sigara. Kwa teksi ni dakika saba. Nilihitaji tu kumbusu Tsiala shavuni, kusema neno moja, na kukimbia. Nilikuwa nimeshakuja, na zaidi ya nusu ya ahadi ilikuwa imekwisha kutimizwa.

Niligeuka nikamtazama. Hakuwa anasikiliza. Alikuwa ametoa kioo kidogo kwenye pochi na anajifuta jasho taratibu, kwa uangalifu, asije akaharibu rangi ya midomo, kama mtu anayejua kwamba anatazamwa na anataka kutazamwa vizuri.

"Teona?"

"Mwambie nimekwenda kumsindikiza mtu."

"Hiyo ndiyo sababu nimpe askari?"

"Ndiyo hiyo."

"Ataniuliza huyo mtu ni nani yako."

"Mama yangu mdogo."

Nilisikia Sabino anapumua. "Miaka mitano, Teona."

"Najua ni mingapi," nilisema. "Usimruhusu bibi akae juani." Nikakata.

"Nani huyo?" aliuliza Tsiala.

"Sabino. Haoni sukari."

"Ana miaka hamsini na nane na hajui sukari ya mama yake inakaa wapi. Mungu awape wanaume macho." Alifunga kioo chake. "Kama una haraka nenda, mwanangu. Umekuja, nimekuona. Huyu Zaza atatuweka hapa mpaka Krismasi."

"Sina haraka."

"Kweli?"

"Kweli."

Alinikodolea macho, kama alivyonikodolea siku ile ya kwanza bustanini. Sijui aliona nini. Aliukaza tu mkono wangu, akaanza kunisimulia jinsi mwanawe alivyopaka nyumba rangi ya kijani kwa ajili yake, rangi mbaya sana, na jinsi atakavyosema ni nzuri. Nilimsikiliza. Nilijilazimisha nisitazame saa, na nadhani niliweza, kwa sababu nakumbuka kila kitu kuhusu nyumba ile ya kijani: ngazi nne, mlango wa bluu, mzabibu uliopanda mpaka kwenye paa. Kengele ya stesheni ililia mara moja, kuashiria nusu saa. Robo saa ya Lorusso ilikuwa imekwisha.

Mama wa Taranto alitokea saa sita kasoro kumi, anasukuma maboksi yake kwenye kigari cha sokoni, anatukana treni. Zaza aliyapima, akayafunga kwa kamba, akapiga kofi bati la gari.

"Haya, wazazi. Tunakwenda."

Tsiala alinibusu mara tatu. Hakulia. Alisema, "Usiniangalie hivyo, najiona kama maiti," akapanda, goti lile baya likiwa la mwisho, na mimi nikilisukuma kutoka nyuma. Kiti chake kilikuwa cha dirishani. Kioo kweli kilikuwa kimeoshwa. Hakifunguki, kwa hiyo akaweka kiganja chake juu yake.

Gari lilirudi nyuma, likageuka, likatoka uwanjani. Simu ilitetemeka mfukoni mwangu mara moja, kama inavyofanya ujumbe ukiingia. Niliiacha. Nilisimama katikati ya uwanja nikapunga mkono mpaka gari likapita taa, likakata kona kuelekea bandarini. Na baada ya hapo niliendelea kupunga kidogo, kwa kuwa barabara ile inapinda, na huenda kutoka kwenye kiti chake alikuwa bado ananiona.